Ekari Yetu ya Pembe Tatu

Mimi na hesabu tulianza kwa ugomvi. Siku mwalimu alipoandika herufi x ubaoni, katikati ya namba zilizokuwa zimetulia zenyewe, niliona huo ni uchokozi mtupu. Namba ni namba na herufi ni herufi, na mimi nilikuwa nimehangaika miaka yote ya shule kuzitenganisha. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo x anafanya nini hapo?"

"Anatafutwa."

"Kwani kapotea?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikajua nimeshajipatia kazi ya kufagia ofisi ya walimu. Lakini mwalimu wetu wa darasa la saba hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa kimeokota maneno mengi ng'ambo ya mpaka. "Hajapotea," akasema. "Yuko hapo hapo, ni sisi hatujui ni ngapi. Usimfukuze basi. Muulize pole pole mpaka aseme."

Akaandika swali. Shamba la mraba lina mzingo wa hatua mia mbili na themanini. Kila upande una hatua ngapi? Nne mara x ni sawa na mia mbili na themanini.

Hilo nililijibu kabla chaki haijatua. Sabini! Hata mtoto wa darasa la pili angelijibu, maana sabini kwa sabini ndiyo ekari, na ekari ndiyo habari tuliyokuwa tukiamka nayo na kulala nayo kijijini. Nikamwona x ni mtu wa kawaida tu, mwenye maringo ya kujifunika uso. Tukapatana naye, shingo upande.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Nyansurura, kipya kabisa, miaka ile ya ujamaa tulipoambiwa tutoke kwenye miji yetu iliyotawanyika vilimani tuje tukae pamoja, karibu na shule, zahanati na kisima. Shule ilikuja. Zahanati ilikuwa njiani, miaka yote iko njiani. Kisima kilichimbwa, kikakauka, kikachimbwa tena. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka, na bibi yangu hakuusamehe mstari ule mpaka alipoingia kaburini. "Tumepangwa kama watoto wanaongoja sindano," alikuwa akisema, na akisema hivyo anatema mate pembeni.

Hapa sina budi kuieleza nyumba yetu, maana wageni huchanganyikiwa. Kwetu hapakuwa na mwanamume. Bibi alifiwa na mumewe kabla hajapata mtoto wa kiume, na kwa desturi ya kwetu huo haukuwa mwisho wa nyumba. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akaenda Itiryo, akaoa. Ndiyo, akaoa. Msichana aliyemwoa ndiye mama yangu. Nyumba ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu: mwanamke mzee anamtolea ng'ombe mwanamke kijana ili nyumba yake ipate watoto, na watoto wanakuwa wa nyumba ile, hata mama yao akiondoka. Baba yangu alikuwa mtu fulani wa mahali fulani, hakuna aliyemtaja, na mimi sikuona pengo. Nilikuwa na bibi mkali kuliko akina baba wote wa kijijini, na nilikuwa na mama mpole aliyeimba akipalilia. Ilinitosha kabisa.

Sasa, ile ekari. Siku ya kugawa mashamba, kamati ya kijiji ilikuja na kamba moja ndefu ya katani, iliyopimwa kwa hatua za mwenyekiti mwenyewe, hatua mia mbili na themanini kutoka ncha hadi ncha. Wakaanzia shuleni, wakafuata barabara. Vigingi vinne, kamba inazunguka, ncha zinakutana, ekari hiyo, anayefuata! Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwetu, nyumba ya mwisho. Hapo palikuwa na kijito kilichokata ardhi kwa mshazari. Mraba haukuingia. Mbele, barabarani, nafasi ilikuwa finyu. Pembeni, mstari wa mpaka wa jirani ulikwenda moja kwa moja nyuma, ukalipita hata shamba lake, ukakutana na kijito. Nacho kijito kikarudi kwa mshazari hadi barabarani. Pembe tatu, nyembamba kama ulimi.

Jirani yetu, ambaye alikuwa mjumbe wa kamati na ndiye aliyeshika kamba, hakubabaika. Akaizungusha kamba ile kwenye vigingi vitatu, akasogeza kigingi kimoja huku na huku mpaka ncha zikakutana. "Kamba ile ile," akasema, "ekari ile ile." Na bibi, ambaye haamini kitu asichokishika, akaishika kamba kwa mkono wake, akaizunguka yote na miiba ya kijito ikimchoma, akaridhika.

Msiwacheke. Sisi ni watu wa zizi. Zizi la miiba tangu enzi na enzi ni la duara, na mtu akitaka kujua zizi ni kubwa kiasi gani anazunguka ua wake. Ua mrefu, ng'ombe wengi. Ua mfupi, ng'ombe wachache. Kwa duara hesabu hiyo haikosei hata kidogo, na bibi alikuwa amejenga mazizi tangu ujana wake. Nani angemwambia kwamba ua uleule unaweza kuzunguka sehemu kubwa au ndogo, kutegemea na umbo? Zizi bapa hakuna mtu aliyewahi kulijenga.

Basi tukalima. Jirani akalima. Mvua moja, jua moja, udongo mmoja. Yeye akajaza ghala la mtama na mihogo ikabaki shambani. Sisi ghala letu ukichungulia unaona sakafu. Msimu wa kwanza bibi alisema ni ndege. Msimu wa pili alisema ni mbegu. Msimu wa tatu akageuka, akamtazama mama.

"Unalima au unaimba?" akamuuliza.

Mama akaacha kuimba. Akawa anatoka giza halijaondoka, anarudi jembe likiwa limemwotesha malengelenge mapya juu ya ya zamani. Mimi nikitoka shule naungana naye, tunalima kimya. Bibi naye alilima, tena kwa nguvu za kushangaza, lakini kila akifika mwisho wa shamba anasimama kwenye kile kigingi cha kijito, anatazama mtama wa jirani, halafu anatazama mgongo wa mama. Niliuogopa mtazamo ule kuliko fimbo.

Kilichoharibu mambo kabisa ni mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye sauti na katambuga, vile viatu vya matairi. Siku hiyo alitaka kuhimiza kilimo. Akasema kuna nyumba humu kijijini ina ekari nzima lakini inavuna mavuno ya bustani. Hakutaja nyumba. Hapakuwa na haja ya kutaja. Shingo zote ziligeuka kwetu kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Nyumba ya wanawake hiyo, ungetegemea nini?"

Bibi alirudi nyumbani. Akaketi kwenye kigoda. Mama alikuwa anapepeta mtama.

"Nisikilize," bibi akasema. "Msimu huu ukivunwa hivi tena, unarudi kwenu Itiryo. Watoto wanabaki, ni wa nyumba hii. Ng'ombe wangu sikuwatoa ili waninunulie aibu."

Mama aliendelea kupepeta. Ungo ulikwenda juu, chini, juu, chini, na machozi yakamdondokea kwenye mtama, hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimebeba mdogo wangu mgongoni, naye alikuwa amelala, hajui kitu. Nilimchukia bibi siku hiyo. Nasema wazi, nilimchukia, na nilikuwa nampenda vilevile.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku mwalimu alipotufundisha maeneo. Kichwa kiko Itiryo, mwili uko kwenye dawati. Mwalimu akachora mraba, akaandika sabini kwa sabini, akapata elfu nne na mia tisa, akasema hiyo ndiyo ekari kwa ndani. Kisha akachora pembetatu. "Pembetatu haina adabu ya mraba," akasema. "Hii unachukua kitako, unazidisha kwa kimo, halafu unagawa kwa mbili. Unaona? Ni nusu ya mstatili. Nusu nyingine haipo, imekatwa, imekwenda zake."

Imekwenda zake. Nikaitazama ile pembetatu. Alikuwa ameichora ndefu, nyembamba, imekaa upande upande, na nikahisi naijua. Nilikuwa nimeipalilia asubuhi ile.

"Mwalimu," nikasema, bila hata kunyoosha mkono. "Pembetatu na mraba, vikizungukwa na kamba moja, vina eneo moja?"

"Swali zuri sana. Tafuta."

Loo, walimu! Unamwomba maji, anakuelekeza kisima.

Nikatafuta. Shida ya kwanza ilikuwa hatua. Kamba ilipimwa kwa hatua za mwenyekiti, na mimi hatua yangu ilikuwa ya mtoto. Sikuweza kwenda kumwambia mzee mzima, "Shikamoo, naomba utembee." Basi nikamvizia. Mwenyekiti alipita barabarani kila asubuhi kwenda ofisi ya kijiji, na katambuga zake ziliacha vumbini alama za tairi ambazo hata kipofu angezitambua kwa kupapasa. Alipopita nikaruka na ufito, nikapima kisigino hadi kisigino, nikakata. Nikaujaribu kwenye upande wa shamba la jirani: sabini kamili. Nilipiga vigelegele peke yangu barabarani, mbuzi wakanishangaa.

Kisha nikapima shamba letu. Upande wa barabarani, fito thelathini na tano. Upande wa jirani, fito mia na ishirini, tena kona yake ilikuwa imenyooka sawasawa kama ya daftari. Upande wa kijito haukupimika. Matope, miiba, na nyoka mmoja ambaye hatukusalimiana. Hapo nikamkumbuka adui yangu wa zamani. Nikaketi, nikaandika ardhini kwa kijiti: thelathini na tano, jumlisha mia na ishirini, jumlisha x, sawa na mia mbili na themanini. Nikamuuliza pole pole. Akasema, mia na ishirini na tano. Asante. Maana yake jirani hakutuibia hata unyayo. Kamba ilikuwa halali kabisa.

Halafu nikafanya la ndani. Thelathini na tano mara mia na ishirini, elfu nne na mia mbili. Gawa kwa mbili. Elfu mbili na mia moja.

Nilirudia mara nyingi mpaka ardhi pale ikawa kama imechimbwa na kuku. Elfu mbili na mia moja, na ekari ni elfu nne na mia tisa. Kwenye kila mafungu saba aliyopewa jirani, sisi tulikuwa na matatu. Hata nusu haikufika! Mama alikuwa akilima mafungu matatu na kudaiwa saba, na juu ya hayo kuimba kwake kumekatazwa.

Nikakimbia kwa bibi. Nilimweleza yote, kitako, kimo, kugawa kwa mbili, huku nikihema. Bibi alikuwa anachambua mboga. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu.

"Kamba niliishika mimi," akasema. "Kwa mkono huu. Nilizunguka mimi. Unaniambia mkono wangu ni mwongo na kijiti chako ni mkweli?"

"Bibi, kamba ni kweli, lakini ndani..."

"Kafunge ndama."

Kwa hasira nilizokuwa nazo, ndama wale nusura niwafunge fundo la milele. Kesho yake nikampelekea mwalimu hesabu yangu. Akaipitia, akaichukua chaki, akaipitia tena. Kisha akakuna kichwa. "Uko sawa kabisa. Lakini kwa ubao hutawashinda wazee, mdogo wangu. Hawa wanaiamini kamba."

"Basi tuwape kamba," nikasema.

Akanitazama, akaanza kucheka taratibu, kicheko kikaja chote. Mkutano wa kijiji uliofuata ulikuwa karibu, baada ya mavuno, na darasa la saba ndio tuliokuwa tunatoa ngonjera.

Mavuno yenyewe, nisiwachoshe. Yalikuwa yale yale. Asubuhi ya mkutano mama hakwenda. Alisema ana kazi shambani, na shambani hapakuwa na kazi, mtama ulishakatwa. Kando ya mlango wake nikaona kanga yake nzuri imefungwa kifurushi. Hakuna aliyemwambia afunge. Nikaenda shuleni, kamba za ndama wetu wote zikiwa begani.

Watu wakajaa uwanjani. Mwenyekiti alipenda sana ngonjera, hasa beti zinazomtaja, akawa ameshavuta kiti chake mbele. Mwalimu akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, leo darasa la saba halina ngonjera. Lina mchezo."

"Mchezo?" Uso ukamshuka kidogo. "Haya, wacha tuone."

Nikasalimia, "Shikamooni wazee," na sauti ikatoka nyembamba ajabu. Tulikuwa tumeunga kamba za ndama za nyumba kadhaa mpaka ikapatikana moja ndefu, tukafunga ncha. Wenzangu wanne wakaivuta kwenye kona nne: mraba. Nikawaomba wajumbe wa kamati waingie ndani na viti vyao. Wakaingia wakicheka. Nikaomba wazee waingie. Wakaingia. Mwenyekiti akakaa katikati kabisa, kwa raha zake, na nafasi ya kunyoosha miguu ikabaki.

"Hiyo ndiyo ekari ya jirani," nikasema. "Sasa kamba haifunguliwi, haiongezwi, haikatwi. Tunabadilisha umbo tu."

Wenzangu watatu wakaishika. Mmoja akarudi nyuma, nyuma, nyuma. Kamba ikaanza kuwabana wazee ubavuni. "Hebu, mura, kijana wewe, taratibu!" mmoja akafoka. Viti vikagongana. Jirani yetu akajikuta amemkalia mwenzake. Kila kamba ilipopita mtu, nilimwambia, "Samahani mzee, uko nje," na uwanja mzima ukawa unashangilia kila anayetolewa, kama kwenye mpira. Pembetatu ilipokaa sawa, nyembamba, ndefu, waliobaki ndani walikuwa wamepanga mstari, magoti yamebanana. Mwenyekiti, pamoja na unene wake, alikuwa na nusu ya kiti ndani na nusu nje.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "samahani. Uko nje."

"Niko nje niende wapi? Mimi ndiye mwenyekiti!"

Watu wakalia kwa kucheka. Jirani, ambaye hakucheka, akaiokota kamba akaikagua fundo kwa fundo. "Lakini ni ile ile," akasema. Hakuwa anabisha. Alikuwa ameshtuka kweli, maskini. "Kamba ni ile ile."

"Ni ile ile, baba." Nikawapa ishara wenzangu, wakazidi kuvuta mpaka kamba mbili zikalala pamoja chini, hakuna kitu katikati. "Na hii nayo ni ile ile. Sasa lima hapo."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikuwa anaitazama ile kamba iliyolala vumbini, na wengi walishaanza kugeuka kuelekea kule mwisho wa barabara, kwenye kijito, kwenye ulimi wetu wa shamba.

Nikamtafuta bibi kwa macho. Alikuwa amesimama. Alikuja pole pole mpaka kwenye kamba, akachuchumaa, akajaribu kuingiza mkono wake kati ya ile kamba na mwenzake. Haukuingia. Akabaki pale amechuchumaa.

"Zizi la namna hii," akasema, "ningemfukuza aliyelijenga."

Bibi akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka uwanjani peke yake kabla mkutano haujaisha, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Nilitaka kumfuata lakini mwenyekiti alikuwa ameshanishika bega. Hakuwa na kinyongo. Nafikiri kutolewa kwenye kamba mbele ya watu kulimfundisha kuliko semina nzima. Akauliza ni kiasi gani hatukupata. Elfu mbili na mia nane, nikasema. Wakashauriana. Kulikuwa na kipande kati ya shule na josho la ng'ombe, hakina mtu, upande wake mmoja hatua sabini. Upana uwe ngapi? Wazee wakaanza kukunja vidole. Mimi nikaandika vumbini kwa kidole gumba cha mguu: sabini mara x, sawa na elfu mbili na mia nane.

"Na huyo nani tena?" mwenyekiti akauliza, akiinamia x.

"Anatafutwa," nikasema, na mwalimu nyuma yangu akakohoa kuficha kicheko. "Ni arobaini, Ndugu Mwenyekiti. Sabini kwa arobaini."

"Arobaini kwa hatua zangu," akasema haraka, akiangalia katambuga zake kwa fahari. Akaenda kuzipima papo hapo, na kundi zima nyuma yake, na jirani yetu ndiye aliyebeba vigingi.

Mimi nikakimbia nyumbani.

Nilimkuta bibi kwenye nyumba ya mama. Kile kifurushi kilikuwa kimefunguliwa. Kanga nzuri imerudishwa kwenye kamba ya nguo, vitu vingine vimerudishwa mahali pake, na kwa mpangilio ule nilijua si mama aliyevirudisha, kwa sababu kila kitu kilikuwa mahali pasipo pake. Bibi alikuwa jikoni akisonga ugali. Bibi, akisonga ugali! Tangu nizaliwe sikuwa nimemwona akisonga. Ndiyo maana alioa. Moshi umemjaa machoni, au ndivyo alivyotaka tuamini.

Mama akarudi kutoka shambani na jembe begani. Akaona kanga imetundikwa. Akamwona bibi na mwiko. Akasimama mlangoni, hajui aingie au akimbie.

"Kaa," bibi akamwambia.

Mama akakaa, kwenye ukingo wa mkeka. Bibi akaweka ugali na mboga mbele yake. Kisha akachukua kibuyu cha maji na bakuli, akaenda kupiga magoti mbele ya mama. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Mimi nilimnawisha mama, mama alimnawisha bibi, na bibi hakumnawisha mtu. Mama alipoona kibuyu kinainamishwa akarudisha mikono nyuma, akaificha kwenye kanga.

"Hapana, mama," akasema. "Usifanye hivyo."

"Leta mikono."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema leta mikono. Nataka kuiona."

Nami nilisimama mlangoni na kamba ya ndama mkononi. Maji yalikuwa yameshaanza kudondoka kutoka kwenye kibuyu kilichoinamishwa. Mama akaileta mikono, na malengelenge yake yote.